Kadi Zilizosahau Visima vya Ole

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchumaji karafuu wa matawi ya chini, na mie nilikuwa namfuata na pakacha langu hata siku ambazo skuli ilikuwepo. Jioni karafuu zilikuwa zikipimwa kwa pishi. Msimu mmoja tulichuma katika shamba ambalo msimamizi wake alikuwa na pishi yake mwenyewe, kopo la bati lililokatwa mdomo, na kila mtu akilalamika kwamba haijai. Unamimina, unamimina, karafuu zinakwenda tu. Siku ya pili mama alikuja na pishi ya mchele ya jikoni kwetu ndani ya kanga, akaijaza karafuu mpaka juu, akaimimina mbele ya watu ndani ya ile ya msimamizi. Ikabaki nafasi ya ngumi nzima. Kopo likageuzwa, likaonekana kitako chake kimegongwa kwa ndani mpaka kimefanya tumbo.

"Bati hilo," akasema msimamizi, "limepata joto limetanuka."

"Basi liweke kivulini," mama akamwambia, "lirudi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakuacha kuchuma shamba lile, karafuu zilikuwa nyingi na kwengine wasimamizi walikuwa na makopo yao vile vile. Lakini kila jioni kabla ya kumimina alikuwa akitia mkono ndani ya pishi apapase chini, na msimamizi akisubiri amalize. Nilikuwa na miaka sita au saba. Tokea hapo sijapata kukabidhiwa kitu nisikigeuze nikatazama kitako. Nilipokwenda kuposa, nililetewa kahawa, nikainua kikombe juu nikachungulia chini yake. Baba mkwe akaniuliza natafuta nini. Hiyo ni khabari nyengine.

Nyie vijana wa karakana mumeniletea ujumbe kwenye simu kwamba niandike namna tulivyochagua zile kompyuta ndogo za skuli, ili na nyie mkija kuchagua mujue pa kuanzia. Sijui aliyeniandikia anataka kujua kweli au anataka kuona nitamtaja nani. Nitaandika hivyo hivyo. Mie skuli niliishia darasa la tano, kwa hivyo panapoyumba muwe na subira.

Baada ya darasa la tano mjomba wangu alinichukua mpaka mjini Wete, hapa Pemba, kwa Fundi Mbarouk, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Mjomba alimpelekea redio yake, na mie nikiwa nimesimama pale nikaona redio nyengine mezani, nikaigeuza. Fundi Mbarouk akanitazama juu ya miwani.

"Huyu mtoto anakagua kitako kabla ya kuamkia," akasema. "Niachie huyu."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Fundi Mbarouk watu wao asili yao Omani, zamani walikuwa na mashamba ya karafuu, yakaenda, yeye akabaki na bisibisi na risasi ya kulehemu. Inawezekana hata lile shamba la kopo lenye tumbo lilikuwa lao. Sikumuuliza, na yeye hakunambia, na mpaka leo nashuku. Lakini mtu yule alikuwa fundi. Redio akishaitengeneza hamwiti mwenyewe. Anaiwasha asubuhi, anaiacha ikiimba mpaka alasiri, anaizima, anaiwasha, anaitia kwenye jua, anaigonga kwa kifundo cha kidole. Mwenyewe akija na haraka zake, "Si inalia hiyo, fundi? Naisikia," yeye humjibu: "Mbele yangu inalia. Redio haiponi mbele ya fundi, inaogopa tu. Ngoja izowee." Nilikaa naye mpaka alipokufa, na vifaa vyake akaniachia mie, mita yake ikiwemo, ambayo sindano yake ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto na lazima ujue kuisoma.

Karakana ya vifaa vya skuli nilichukuliwa kwa sababu ya mita ile. Walikuwa na mashine za kudurufu mitihani zilizokufa, hakuna aliyejua kuzisoma. Siku ya kwanza nilipewa koti la buluu la mtu aliyekuwa mrefu kuliko mie, na mashine iliyokuwa imeandikwa kwa chaki "mbovu kabisa". Niliifungua nikakuta kiota cha panya na barua ya mapenzi. Kiota nikakitoa, mashine ikafanya kazi. Barua nikaisoma, nikairejesha pale pale, maana haikuwa yangu, na labda aliyeificha angeirudia. Nilipoifungua tena baada ya mwaka haikuwepo.

Baadaye zikaja kompyuta kubwa za misaada, zile nzito kama tofali, zimeshatumika na watu wa kwao mpaka wamezichoka. Nyingi zilifika zimekufa, na nyengine zilikufa kwa vumbi letu na chumvi yetu na sisimizi, ambao wanapenda sana mahali pa joto penye giza. Walimu wakawa wanakuja kunambia, Mzee Faki, uliniletea nzima, imewaka siku moja. Hapo ndipo nilipojitengenezea maneno yangu matatu, na haya nataka muyashike kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Katika fomu ya kupokea vifaa pana mstari mwisho umeandikwa "Maelezo ya fundi". Wengine huandika "safi" au "poa". Mie nikawa naandika moja katika matatu. Kitu nilichofungua boksi nikakitazama kwa macho tu, naandika *imeonwa*. Nilichokitia umeme kikawaka, *imewashwa*. Kilichofanya kazi siku saba mfululizo, kwa kazi ile ile kinayopelekewa skuli, naandika *imetumika*. Hakuna kitu kilichotoka karakana kwenda skuli bila ya *imetumika*. Walimu walikuwa wanajua. Bi Raya wa kijiji cha Ole, aliyekuwa anafundisha hesabu na ndiye aliyeanzisha chumba cha kompyuta skulini kwake, akipokea kitu cha kwanza huangalia mstari ule. Afisi hawakuniuliza hata siku moja maneno yale maana yake nini, na mie sikuwaambia. Niliona ni wazi. Hilo ndilo kosa la mtu ambaye hakusoma sana: akiandika neno lake anadhani watu wote wamo ndani ya kichwa chake.

Na nilipaswa kujua. Maana ziliposikika hizi kompyuta ndogo za bodi moja, zile ambazo kompyuta nzima ni kipande kimoja cha bodi kinachoenea kiganjani, watu wa karakana tulikuwa tunaziita vibao. Nikaambiwa niombe kumi kwa ajili ya majaribio. Nikaandika: "Naomba vibao kumi vya majaribio." Ghala wakanletea mbao kumi zilizorandwa vizuri, zimepakwa rangi nyeupe, kila moja na misumari yake miwili. Mtu wa ghala akaniuliza tutaziandika nini. Kimoja mpaka leo kiko kwangu, kimeandikwa "Mbwa mkali", na sina mbwa.

Vibao vya kweli vilipokuja vilikuwa vya aina tatu. Majina yake ya madukani siyataji, nitasema rangi. Kulikuwa na cha kijani, cha buluu na cheusi. Cha kijani kilikuwa ghali kuliko vyote na kila mtu aliyewahi kufika Dar alikuwa anakisifu. Cha buluu kilikuwa rahisi mno, bei ya mbuzi mwenye kilema. Cheusi kilikuwa katikati. Mkuu wa karakana, Bwana Salim, kijana msomi mwenye sauti ya pole, alinambia nichague kimoja, skuli nne zipate vibao kumi kila moja. Skuli ya kwanza ni ya Bi Raya, kwa sababu yeye chumba anacho. Chumba chenyewe kilikuwa kinatakiwa kirudi kuwa ghala la madawati, na alikuwa ameahidiwa kwamba mwisho wa muhula watu wa elimu watakuja kutazama watoto wamefanya nini, na hapo ndipo itakapoamuliwa kibaki au kiondoke.

Nitawaambia nilivyovichunguza, muchukue mutakacho. Kwanza niliuliza chaja. Kibao kinakula umeme kama simu lakini ni mlafi zaidi, na chaja nyingi za madukani zinasema uongo kwenye kibandiko. Nilikwenda sokoni Wete nikanunua chaja sita za maduka sita nikazipima kwa mita ya Fundi Mbarouk huku kibao kinafanya kazi. Nne zilikuwa zinapungua. Cha kijani kikipungukiwa umeme kinaonyesha alama ya radi kwenye skrini, hilo zuri, kinasema ukweli. Cha buluu kinanyamaza, kinajizima, kinawaka tena kama hakikufanya kitu. Mimi kitu kinachonyamaza sikiamini. Pili, niliviweka vyote vitatu ndani ya kopo la maziwa juu ya bati la jiko la karakana, adhuhuri, wakati wa joto la kaskazi, vikicheza picha. Chumba cha Bi Raya kimeezekwa bati na hakina dari. Cha buluu kikafa saa ile ile, Mungu akirehemu. Cha kijani kikapunguza mwendo. Cheusi kina bati lake mgongoni la kutolea joto, kikaendelea.

Tatu, nikauliza kinafundisha nini pasipo mtandao, maana Ole mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi. Nne, skrini: zile televisheni za zamani za skuli zinachomeka au hazichomeki. Tano, na hili ndilo kubwa, kikiharibika kipande, nakipata Pemba hii hii au nangojea mtu atoke safari. Kila kitu cha kibao kimo ndani ya kadi ya memori, ndogo kama ukucha. Kadi ndiyo kichwa chake. Kadi ikifa mtoto amepoteza kazi yake yote. Kwa hivyo kadi nilizijaza. Usitazame ilivyoandikwa juu. Ijaze mafaili mpaka ikatae, halafu uyafungue yote uone yamo. Kadi ya uongo inapokea kila kitu, inakwambia ndiyo, ndiyo, na majina ya mafaili yanaonekana, lakini ukiyafungua hayana kitu, au ya nyuma yamekanyagwa na ya mbele. Kadi za vile vibao vyeusi vya majaribio nilizijaza zote zikajaa sawasawa. Nikaandika *imetumika*, nikachagua cheusi.

Hapo ndipo alipokuja wakala wa kutuuzia vibao. Jina lake nitasema Bwana Nassor, maana si lake. Alikuja kutoka ng'ambo kwa ndege, viatu vinang'aa, akasalimia kila mtu kwa mkono mpaka mpishi, na akatuletea halua kwenye bakuli la plastiki. Halua. Wete. Mtu akuletee samaki ufukweni utamwona mgeni wa mambo, lakini mtu akuletee halua Wete inakopikwa lazima ujiulize hakuuliza njiani, au anadhani sisi hatuna ulimi. Nikaionja. Ilikuwa ya hapa hapa, ya dukani karibu na karakana, naijua iliki yake. Alikuwa ameinunua mtaa wa pili akasema ni ya kwao. Nikamtazama Bwana Salim, naye alikuwa anakula na kusifu.

"Mzee Faki," Bwana Nassor akanambia, "nimesikia wewe ndiye mwenye mkono mgumu hapa."

"Mkono wangu wa kawaida, mwanangu. Mzigo utakuja kama ulivyo huu wa majaribio?"

"Huo huo. Bodi hizo hizo."

"Na kadi?"

"Kadi ni kadi, mzee."

Jibu lile sikulipenda. Nilimwita Bwana Salim nje, nikamwambia huyu kanunua halua hapo jirani. Akacheka. "Sasa tumkatae kwa halua, Mzee Faki? Tutaandika nini kwenye fomu?" Na kweli, ungeandika nini. Mie nikawa na shaka naye, na shaka na Bwana Salim kwa kucheka, na kidogo shaka na nafsi yangu, maana mtu akizowea kugeuza kila kitu anaweza akakuta tumbo hata pasipokuwa na tumbo.

Mzigo ulifika siku kumi kabla ya mwezi wa Ramadhani, maboksi arubaini. Nikafungua yote nikatazama. Bodi zilikuwa zile zile, hilo nakiri. Kadi zilikuwa zimeandikwa vile vile lakini maandishi yalikuwa mepesi kidogo, kama kanga iliyofuliwa mara moja. Nikasema kesho naanza kuzijaza. Nikaandika kwenye fomu kote arubaini *imeonwa*, nikatia saini, nikaacha fomu mezani kwa Bwana Salim kama ilivyo kawaida, mzigo ukiingia lazima usajiliwe siku ile.

Alfajiri nikapigiwa simu kwamba shemeji yangu wa Mtambile kafariki. Nikaenda. Tukazika, tukakaa matanga, siku ya tatu hitma, siku ya nne nikarudi Wete. Ghala tupu. Nilidhani nimekosea mlango.

Bwana Salim alikuwa afisini, akanipa pole ya msiba vizuri sana, akaniuliza marehemu kaacha watoto wangapi. Nikamjibu. Halafu nikamwuliza vibao viko wapi.

"Vimekwenda skuli, mzee. Gari ilipatikana juzi, tukasema tusiichelewe."

"Vimekwendaje na mie sijavitumia?"

Akafungua faili, akanigeuzia fomu. "Si umesaini?"

"Nimeandika imeonwa."

"Ndiyo. Si uliviona?"

"Niliviona."

"Basi," akasema, na akanitazama kwa upole kabisa, "mzee, tatizo liko wapi?"

Nikamweleza yale maneno matatu, pale, baada ya miaka yote ile. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuhadithia ndoto. Mpaka leo sijui kama Bwana Salim alikuwa hajui kweli au alijua akachukua neno langu lilivyomfaa. Nimelifikiri sana. Siku nyengine nasema hakujua, alikuwa mtoto wa mjini, aliletwa na karatasi. Siku nyengine nakumbuka gari. Gari ya karakana huwa haipatikani hata kwa kubeba mitihani, vipi ilipatikana siku ambayo mie niko msibani.

Nilipanda baiskeli nikaenda Ole. Bi Raya alikuwa ameshavifunga vibao vyake kumi, waya amezipanga kwa kamba ya mkonge ili zisikanyagwe, na watoto wanne wanne kwa kila kimoja. Nikamwomba anirejeshee kadi niende nikazijaze, siku saba.

"Siku saba tutakuwa Ramadhani, Mzee Faki," akanambia. "Baada ya Ramadhani sikukuu, baada ya sikukuu mitihani. Na vitu vikitoka hapa huwa vinarudi?"

"Vitarudi."

"Weye utarudi. Vitu sijui."

Alikuwa na haki ya kunishuku na yeye. Nikamwambia basi nijaze hapa hapa kadi moja tu, nusu siku inatosha. Tukaanza, umeme ukakatika. Tukangoja mpaka alasiri haukurudi. Mtoto mmoja wa kike akanionyesha daftari lao: walikuwa wanakwenda kwa bibi zao wanarikodi majina ya visima vyote vya Ole, nani alikichimba, kwa nini kinaitwa hivyo, kipi kina maji ya chumvi na kwa sababu gani watu wanasema hivyo. Waliviandika kwanza kwa mkono mistari miwili miwili, na sasa sauti na maelezo marefu wameanza kutia kwenye kibao. Kisima kimoja kilikuwa kinaitwa kwa jina la mwanamke aliyekataa kuolewa mpaka kimalizike kuchimbwa. Nikakaa nikasikiliza, nikasahau nilichofuata. Kuondoka nikamwambia Bi Raya, "Kadi zikianza kusahau nipigie." Hilo halikuwa neno la fundi. Nilikuwa nimechoka na msiba, na walikuwa wamefurahi, nikawaacha.

Alikuja mwenyewe karakana, wiki moja kabla ya wale watu kwenda kutazama chumba. Alikuwa na mkebe wa chakula wa mtoto, akaufungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kadi kumi juu ya pamba.

"Majina ya visima yamo," akasema. "Ukiyafungua hamna kitu. Mabibi wawili kati ya waliosema wameshafariki, Mzee Faki."

Nilizijaza kumi zote, siku mbili sikutoka. Kila moja ilikuwa inabeba robo ya kilichoandikwa juu yake, halafu inatupa kila kinachoongezwa huku inasema ndiyo. Sauti zilizopona, nilizozitoa kabla ya kujaza, zilikuwa chache, za wiki za mwanzo. Nyengine hazikuwa na hata kelele. Nikapiga simu skuli tatu zilizobaki, wakajaza kadi moja moja, zote hivyo hivyo, ila wao walikuwa wanafundisha kuandika majina yao tu, kwa hivyo hawakuwa wamejua.

Bwana Nassor alipigiwa simu. Nilikuwepo, sauti ilikuwa nje. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba watoto wanachomoa kadi bila ya kuzima, jambo hilo linajulikana dunia nzima, skuli haikusimamia. Bwana Salim akawa anaitikia, "Naam. Naam." Kesho yake akaniita. Ripoti ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa inasema kwamba vifaa vilikaguliwa na fundi kabla ya kutoka, vikawa vizima, na hasara imetokana na matumizi yasiyo sahihi skulini Ole. Chini pana nafasi ya jina langu.

"Nikisaini hii," nikamwuliza, "chumba cha Bi Raya kitakuwaje?"

"Hilo si letu, mzee. Hilo la wale wanaokuja kutazama."

"Wakisoma hii watatazama nini?"

Akavua miwani akaifuta. "Mzee Faki, umebakisha miezi mitatu kustaafu. Nakuheshimu kama baba yangu. Hapa panasema tu vilikaguliwa, na weye uliandika hivyo."

"Niliandika imeonwa."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nikamwomba nikaisome nyumbani, macho yangu hayaoni vizuri. Akanipa. Macho yangu yanaona vizuri tu.

Musiniulize nilikuwa nashuku nani wakati ule. Nilimshuku Nassor kwa kadi, nilimshuku Salim kwa gari, na nilimshuku mtu wa ghala kwa sababu alikuwa hanitazami. Lakini mmoja nilikuwa na hakika naye, ni mie. Mie ndiye niliyeandika neno ambalo wenye kulisoma hawakulijua, mie ndiye niliyekaa Ole nikasikiliza hadithi za visima badala ya kungoja umeme. Nilichukua karatasi mbili nikatia kaboni katikati, ile ya zamani ya kupigia taipu, nikaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa kwa sababu ndogo zangu hazisomeki: "Mimi Faki Shaame, fundi, nimetoa kadi arubaini bila ya kuzijaza. Nimezijaza kumi baadaye, zote za uongo, zinabeba robo. Hazikuharibiwa na mtoto wala mwalimu. Skuli ya Ole haina kosa. Kosa ni langu na la aliyezileta." Nikatia saini zote mbili na dole gumba, maana saini watu wanaweza kusema si yako.

Asubuhi nilipita Ole kwanza, nikampa Bi Raya ile ya kaboni, nikamwambia aionyeshe wale watu kabla hawajakaa. Akaisoma pale mlangoni. Akaniuliza, "Na weye je?" Nikamwambia mie nina baiskeli.

Ile ya juu nikampelekea Bwana Salim. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza kama naelewa nilichokiandika. Nikamwambia skuli niliishia darasa la tano lakini hiyo naielewa. Akaniuliza kama pana nakala nyengine. Nikamwambia ipo. Hakuuliza iko wapi, na hapo nikadhani labda yule kijana anajua tayari. Au labda alifurahi ipo. Hata hilo sijalijua.

Nikarudi kwenye meza yangu. Mita ya Fundi Mbarouk ilikuwa imewaka, nikaizima. Koti nikalitundika. Vifaa sikuvichukua, mutavikuta kwenye droo ya chini, na mita muizoee, sindano imepinda kushoto. Nikatoka kupitia lango dogo. Mlinzi alikuwa anakoroga chai.

"Unakwenda kula, mzee?"

"Nakwenda kula," nikamwambia.

Sijarudi.